Msalaba Pembeni mwa Jina

Esmeralda, Camagüey
3 Februari 2025

Bi Quiteria,

Hunijui, nami sikujui. Jina lako nimepewa na padri wa huko kwenu, aliyenijibu kwa ufupi tu: vitabu vya kanisa la Pinilla anavitunza Bi Quiteria Molero, mtandao hana, na kwa simu hasikii, basi mwandikie. Nami nimeshika kalamu. Barua hii inabebwa na jirani yangu Odalys, ambaye kila mwezi hupanda ndege kwenda Madrid akarudi Kuba na mabegi ya sabuni, dawa na viatu vya watu. Ataitia posta akifika. Ukinijibu, tuma kwa anwani ya dada yake wa Madrid, iko nyuma ya bahasha. Hapa kwetu umeme tunauona saa nne kwa siku, na mtandao tunausikia tu kwa wenzetu.

Naitwa Yusleidis Arranz Fonseca, mwalimu wa darasa la nne. Babu yangu mzaa baba alikuwa Sindulfo Arranz Peñacoba. Alishuka Havana mwaka 1920 kuja kukata miwa, akafia hapa Esmeralda, na hakurudi kwao hata kwa kutembea. Katika karatasi zake zote ameandikwa mzaliwa wa Pinilla de los Cierzos, mkoa wa Burgos, tarehe 20 Oktoba 1897.

Bila shaka unajua kwa nini naandika, maana sidhani kama mimi ni wa kwanza. Serikali ya Uhispania imetoa sheria ambayo sisi huku tunaiita sheria ya wajukuu: mwenye babu Mhispania, akiweza kuthibitisha, anapewa uraia. Mlango unafungwa Oktoba hii. Ofisi ya vizazi ya kwenu, nimeambiwa, iliungua wakati wa vita vya mwaka thelathini na sita, kwa hiyo kilichobaki ni kitabu cha ubatizo. Nakuomba cheti cha ubatizo cha babu yangu. Ni karatasi moja tu, Bi Quiteria, lakini nyumba yangu yote inaitegemea hiyo.

Najua nakusumbua. Mfa maji haachi kutapatapa.

Wako kwa heshima,
Yusleidis Arranz


Pinilla de los Cierzos
2 Machi 2025

Mwanangu Yusleidis,

Jina gani hilo? Nimechukua kitabu cha watakatifu, nikavaa miwani, nikaanza Januari mpaka Desemba. Hakuna. Yupo Yulia, yupo Yustina, lakini Yusleidis hayupo wala binamu yake hayupo. Nani alikubatiza? Au padri alikuwa amesinzia?

Usikasirike. Nina miaka themanini na mitano, na watu wa kutaniana nao kijijini wamebaki wanane, wawili kati yao hatusemezani. Kiangazi wanakuja wajukuu na baiskeli zao, tunafika sitini. Sasa hivi kuna theluji mlangoni na kuni zimelowa.

Kwa vile damu yako ni ya hapa, lazima ujue jambo moja kuhusu majina yetu, la sivyo utapotea. Pinilla nzima ni Arranz na Molero. Zamani barua ya Juan Arranz ilifunguliwa na kina Juan Arranz wanne kabla ya kumfikia mwenyewe, na kuna mke wa mtu aliwahi kusomewa salamu za mpenzi wa jirani. Padri mmoja akachoka, akapitisha amri: kila mtoto abatizwe kwa jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa, apende mama asipende. Ndiyo maana makaburi yetu yamejaa kina Sindulfo, Evilasio, Fredesvinda na Burgundófora. Wageni hucheka. Sisi tunajua kwamba jina la mtu wa Pinilla ni tarehe yake. Mimi ni Quiteria, tarehe 22 Mei, huna haja ya kuniuliza. Na siku ya jina ndiyo sikukuu ya mtu: anavaa shati safi, anakunywa mvinyo, na hata mkewe hamgombezi.

Sindulfo ni tarehe 20 Oktoba, kwa hiyo karatasi zako zinakubaliana. Lakini kina Arranz walikuwa nyumba nyingi, nami sitaki kukupa babu wa mwingine. Nieleze alikuwa mtu wa namna gani. Hapa sura zote zinafanana, tunatambuana kwa tabia. Na niambie karatasi hiyo unaitakia nini hasa. Mbio hizi zote ni za kukimbia nini?

Padri wetu ni kijana Mkolombia mwenye vijiji kumi na vinne. Vitabu nasoma mimi, vyeti nanakili mimi, yeye anatia sahihi na muhuri juu ya boneti ya gari lake. Kwa hiyo umefika mahali penyewe, mwanangu.

Quiteria Molero Rica


Esmeralda
30 Machi 2025

Bibi Quiteria,

Niruhusu nikuite bibi, maana wangu wote wamekwisha. Nimecheka peke yangu na kibatari mkononi, hadi mwanangu akatoka chumbani kuniangalia kama nimerukwa na akili. Ni kweli, jina langu halina mtakatifu. Mama yangu alilitunga: nusu ni la shangazi, nusu alilisikia redioni akalipenda. Huku wa rika langu wote tuko hivyo. Nami sikujifunza, kwa sababu mwanangu anaitwa Yoandri, jina nililolitunga mwenyewe nikiwa na uchungu. Ukilitafuta kwenye kitabu chako utaumiza macho bure.

Babu sikumwahi. Haya nimesimuliwa na marehemu baba yangu. Alikuwa mrefu, mkimya, anakula mkate na kitunguu akiwa amesimama, kana kwamba anaweza kuitwa wakati wowote. Askari wakipita barabarani, hata wale wa gwaride la sikukuu, yeye alikuwa nyuma ya nyumba. Tarehe 20 Oktoba bibi alikuwa akimpikia keki, naye haigusi, anachukua panga anaenda shamba. Lakini tarehe 6 Septemba kila mwaka alivaa shati jeupe, akakaa peke yake na glasi ya mvinyo. Watoto wakimuuliza anasema: "Leo ni siku ya mtu niliyemwacha kule." Baba aliamini ni ndugu yake.

Umeniuliza nakimbia nini. Nitakwambia bila kuficha. Yoandri ana miaka kumi na saba, na tarehe 9 Agosti anatimiza kumi na minane. Septemba wataitwa jeshini wote wa umri wake, miaka miwili, hakuna kukataa. Mwalimu mwenzangu alimtoa mwanawe akiwa mzima, akarudishiwa sanduku lililopigwa misumari, na mpaka leo hajaelezwa kilichotokea. Mimi huyu ninaye mmoja. Baba yake aliondoka zamani, hata kadi hatumi. Wakili anayetusaidia hapa mtaani ameniambia nikipeleka karatasi zangu ubalozini kabla mtoto hajafikisha kumi na minane, naye anaingia humo humo kwa jina langu, na tunaondoka wote wawili. Baada ya hapo hapana.

Wengine wanataka uraia wakale vizuri. Mimi nikipata mahali pa kulala na mwanangu yuko chumba cha pili, ninakula hata majani. Sitaki achukuliwe awe namba tu ya mtu.

Nakubusu mikono,
Yusleidis


Pinilla
11 Mei 2025

Bi Yusleidis,

Uliomba cheti cha ubatizo cha Sindulfo Arranz Peñacoba, aliyezaliwa tarehe 20 Oktoba 1897. Kimo ndani ya bahasha hii. Kimenakiliwa kutoka kitabu cha saba, ukurasa wa 112, pamoja na majina ya wazazi na mababu wanne. Sahihi ya padri na muhuri vipo.

Kuhusu maswali yangu, asante kwa majibu. Nimeyaelewa.

Kila mama humpenda wake. Hilo hapa Pinilla tunalijua zamani.

Quiteria Molero


Esmeralda
8 Juni 2025

Bibi yangu,

Cheti kimefika. Nimekisoma kwa sauti mara tatu, kisha Yoandri akakisoma, kisha jirani wa kulia na wa kushoto, na Odalys akakiwekea mshumaa mbele kana kwamba ni Bikira Maria. Wazazi wa babu nimewaona kwa mara ya kwanza: Gaudioso na Fredesvinda. Nimewatamka mpaka ulimi umezoea.

Barua yako ilikuwa fupi, nikaogopa nimekuudhi kwa kuropoka kwangu. Yoandri akaniambia, "Mama, bibi wa watu ana kazi zake, unataka akuandikie riwaya?"

Nikusimulie ulichokifanya bila kujua. Maykel, binamu wa Yoandri, ameondoka wiki iliyopita kwenda Guyana, na kutoka huko watapita msituni hadi Brazili. Nafasi zilikuwa mbili, na ya pili ilikuwa ya Yoandri. Alikuwa amekwisha kufunga begi bila kuniambia. Nilimkuta anatia soksi. Nikamwekea cheti chako mezani, nikamwambia: "Mwanangu, hiki hapa. Utatoka kwa mlango wa mbele, mchana, na pasipoti, mimi nikiwa nimekushika mkono kama siku ya kwanza ya shule." Akakitazama sana. Akasema, "Una uhakika, mama?" Nikamwambia mtu aliyekiandika ni mzee wa miaka themanini na mitano anayetunza vitabu vya kanisa, kama huyo hatumwamini tumwamini nani? Akafungua begi akarudisha nguo kabatini.

Miadi yetu ubalozini Havana ni tarehe 15 Julai. Nimemshonea suruali mpya.

Mungu akuzidishie umri,
Yusleidis


Esmeralda
20 Julai 2025

Bibi Quiteria,

Sijui nianzie wapi. Wamekataa.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alisoma cheti, akatikisa kichwa, akafungua kompyuta. Kumbe vitabu vyote vya makanisa ya Burgos vimepigwa picha, na picha wanazo. Akafika kitabu cha saba, ukurasa wa 112, akanigeuzia kioo. Jina la babu yangu lipo kama ulivyoandika. Lakini pembeni mwa jina kuna msalaba mdogo wa wino. Nikamuuliza ni wa nini. Akasema, "Mama, huu padri aliuweka mtoto alipokufa." Akatafuta kitabu cha mazishi. Sindulfo Arranz Peñacoba alizikwa Desemba 1898, akiwa na miezi kumi na minne.

Akaniuliza kwa upole kama babu yangu alikuwa nani hasa. Yoandri alikuwa kando yangu na suruali yake mpya.

Najua macho yako si mazima, bibi. Msalaba ni mdogo, hata mimi nilidhani ni doa. Sikulaumu. Lakini nimefikiri njia nzima ya kurudi, saa kumi na moja ndani ya lori la ng'ombe, nikakumbuka ulichonifundisha: jina la mtu wa Pinilla ni tarehe yake. Babu hakuwa na raha na tarehe 20 Oktoba kwa sababu haikuwa yake. Ile ya shati jeupe ndiyo yake. Hakuwa anamkumbuka ndugu aliyebaki kule, alikuwa anajikumbuka mwenyewe. Niambie, kitabu chako cha watakatifu kina nani tarehe 6 Septemba? Mtafute mtoto wa Gaudioso na Fredesvinda mwenye jina hilo. Mpe padri apige picha ya ukurasa kwa simu yake, anitumie kwenye simu ya wakili, namba iko nyuma ya bahasha. Nimemwandikia yeye pia kwa simu hiyo, lakini ujumbe umerudi unasema yuko likizo Kolombia mpaka Septemba, kwa hiyo muombe yeyote mwenye simu, hata mmoja wa wale wajukuu wa kiangazi.

Afisa amesema kazi yake ni kuhakiki tu, hawezi kunitafutia, lakini nikileta jina la kweli na ukurasa wake kabla ya tarehe 9 Agosti atanipokea bila miadi. Odalys anaruka keshokutwa. Zitabaki siku kumi na nane. Jina moja tu, bibi, na ukurasa mmoja.

Yusleidis


Esmeralda
5 Oktoba 2025

Bibi Quiteria,

Hujanijibu, nami nimeanza kuogopa kwa ajili yako. Mtu wa umri wako, peke yake, na huko kwenu baridi inaingia. Kama unaumwa, usijilazimishe. Muombe mtu yeyote aniandikie mstari mmoja kwamba uko hai, inatosha.

Yoandri walimchukua tarehe 12 Septemba. Waliwanyoa wote uwanjani, nikashindwa kumtambua kati ya wale vijana mia mbili hadi aliponiita. Yuko kambini upande wa mashariki, wanafundishwa kuendesha malori makubwa. Amekonda. Hanilaumu kwa neno hata moja, na ndilo linaloniua. Ningependa anitukane. Maykel amefika Brazili, anauza viatu, ametuma picha.

Kwangu mimi mlango wa sheria unafungwa tarehe 22, na hata ungebaki wazi sijui niende kufanya nini huko bila yeye. Narudi nyumbani kutoka shule, napika wali wa mtu mmoja, nakula nusu. Nimekata tamaa, bibi. Neno hili nilikuwa siliandiki, lakini hakuna lingine.

Nimekuombea kwa watakatifu wako wote, hata wale wenye majina magumu.

Wako,
Yusleidis


Pinilla
2 Novemba 2025, Siku ya Marehemu

Yusleidis,

Siumwi. Ningekuwa naumwa ningekuwa na kisingizio.

Mtakatifu wa tarehe 6 Septemba ni Onesíforo. Babu yako ni Onesíforo Arranz Peñacoba, aliyezaliwa mwaka 1899, kitabu cha saba, ukurasa wa 131. Cheti chake kimo humu. Nilikijua siku niliposoma barua yako ya Machi, uliponieleza habari ya shati jeupe. Sikuhitaji hata kufungua kabati. Na ule msalaba niliuona, macho yangu si mabaya kiasi hicho. Nilinakili kila kitu kwenye ukurasa ule, nikauruka msalaba.

Sikiliza, kisha unihukumu. Mwaka 1920 vijana wa Pinilla walipiga kura ya jeshi, kwenda vitani Moroko. Walitakiwa watatu. Onesíforo Arranz alitoa namba tatu. Mjomba wangu Evilasio, kaka yake mama yangu, alitoa namba nne, akapona. Bibi yangu alichinja kondoo. Wiki ile ile Onesíforo akapotea. Mama yake alikuwa amekwenda kwa padri kuomba cheti cha Sindulfo, mtoto wake aliyekufa, kwa sababu huyo angekuwa na miaka ishirini na mitatu na zamu yake ya jeshi imekwisha kupita. Padri akamwandikia, akauruka msalaba, amwokoe kijana. Onesíforo akapanda meli kwa jina la maiti. Na kwa sheria ya wakati ule, wa tatu akikosekana anakwenda wa nne. Evilasio alikufa Moroko Julai mwaka 1921, hata mfupa haukurudi. Nimekulia katika nyumba yenye kiti ambacho hakikaliwi. Bibi yangu alimlaani yule mama mpaka pumzi ya mwisho, na toka hapo Pinilla hakuna mtoto aliyebatizwa Onesíforo. Wanaozaliwa tarehe 6 Septemba tunawaandika tarehe 7.

Halafu unaniandikia wewe, kutoka nyumba ile ile, unaomba karatasi umkwepeshe mwanao jeshi. Uliandika "awe namba tu ya mtu." Kalamu yako ndiyo iliyoandika hivyo. Niliwaka, Yusleidis. Nikasema, tena? Mama mmoja anaokoa wake, na wa mwenzake aende? Nikajiambia sisemi uongo, aliomba Sindulfo, nitampa Sindulfo. Julai ulipoomba jina moja, wajukuu wa watu walikuwa uwanjani na simu zao. Nilikaa dirishani nikiwatazama. Mpaka tarehe 9 Agosti ikapita nilikuwa nikiwatazama.

Barua yako ya Oktoba ndiyo iliyonivunja. Uliniuliza kama niko hai. Miaka sita sasa hakuna aliyeniuliza hivyo.

Kwamba mwanao hakuchukua nafasi ya mtu, hilo nililijua muda wote. Kwenu wanakwenda wote, hakuna namba nne. Sikuwa na haki hata ya bibi yangu. Nimekwenda kwa padri kuungama, ameniambia niungame kwako. Cheti hiki sasa hakifai kitu, najua, lakini ni cha kweli. Niandikie neno moja, hata tusi. Nitalipokea.

Quiteria


Esmeralda
4 Novemba 2025

Bibi Quiteria,

Bado sijapata habari zako, naandika hivyo hivyo, maana sina mwingine wa kumwandikia.

Yoandri amekufa tarehe 27 Oktoba. Lori walilokuwa wakijifunzia lilipinduka mlimani, mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Walikuwa sita nyuma. Wanne wamepona. Walikuja watu wawili wenye sare shuleni, nikiwa ubaoni, na watoto wote wakasimama kwa heshima kama nilivyowafundisha. Nikajua kabla hawajafungua mdomo.

Mimi wameniruhusu kufungua sanduku. Mwenzangu hakuruhusiwa, kwa hiyo watu wananiambia nina bahati. Uso haukuwa na jeraha. Nilimvalisha ile suruali ya Havana.

Nakuomba jambo moja, na ni la mwisho. Hapa padri wetu anakuja mara moja kwa mwezi. Kama uko hai, nisomeshee misa hapo Pinilla, katika kanisa alikobatizwa babu yangu, kwa jina lolote alilobatizwa. Ukikaa pale mbele nitajua kuna mtu wetu mmoja ndani. Tangu Februari wewe peke yako ndiye uliyenishika mkono, na hata ulipokosea ulikosea ukinisaidia. Mungu akulipe.

Yusleidis


Esmeralda
15 Desemba 2025

Bi Quiteria,

Barua yako ya Siku ya Marehemu imenifikia jana. Bila shaka yangu ya tarehe 4 nawe umekwisha kuipata. Misa niliyoiomba, kama bado haijasomwa, isisomwe. Mimi nitamlilia wangu, wewe endelea na wako.

Cheti cha Onesíforo nimekisoma. Mwandiko wako ni mzuri.

Umeomba neno moja, hata tusi. Nimekaa nalitafuta tangu jana, na mimi ni mwalimu, maneno ninayo. Sikulipata. Ninachoweza kukupa ni kitu kilichotokea, ukae nacho.

Jumapili ya kwanza ya Oktoba walipewa ruhusa ya siku moja. Yoandri alikuja, nikampikia maharage meusi, akala sahani mbili. Alinikuta nimemaliza barua yangu ya kukuulizia hali. Akaisoma, akaniuliza, "Mama, huyu bibi kweli ataandika?" Nikamwambia ataandika, ni mzee tu, ana moyo mzuri, hawezi kutuacha. Akasema basi tusubiri. Akaikunja mwenyewe, akaitia kwenye bahasha, akaipeleka kwa Odalys akiwa njiani kurudi kambini.

Yusleidis Arranz